Nilitafuta Woga Wangu Ndani ya Damu

Kosa langu la kwanza lilikuwa hili: nilikataa kukubali kwamba ninaumwa mpaka nione karatasi ya labo inayosema hivyo. Nilipoteza karibu mwaka mzima nikiutafuta ugonjwa wangu ndani ya damu. Nilitoa kidole, nilitoa mkono, nilitoa choo kwenye kikopo. Aliyekuwa akiuona ugonjwa huo kila siku, bila kipimo chochote, ni mke wangu Aline, na yeye ndiye niliyemficha.

Ninaandika kwa sababu najua kuna mwingine hapa Bunia, labda katika mtaa huuhuu wa Ngezi ninakokaa, ambaye asubuhi hii ameketi kwenye benchi la labo akingoja jibu la malaria ambayo hana. Mimi si daktari. Shule niliiacha kabla ya kumaliza. Ni fundi wa simu, na hata ufundi huo nilijifunza peke yangu, kwa kuharibu simu za kaka yangu na kutazama video mpaka macho yaniume. Nina tabia ambayo wateja wanaipenda na ambayo nusura iniangamize: sirudishi simu bila kuipima mara mbili. Hata ikiwa imewaka, hata mteja akisema basi, lete, ninashika multimetre yangu ya kupima umeme na kurudia toka mwanzo. Niliamini kwamba hakuna ubovu usio na mahali pake. Ukitafuta kwa uvumilivu utaupata: waya uliokatika, kadi, ile bodi ya ndani, iliyoingia maji, soda ya kuunganishia waya iliyopasuka ufa mdogo kuliko unywele. Kwa hiyo mwili wangu ulipoharibika, nilidhani najua la kufanya. Nitafute mahali.

Nieleze kwanza yaliyotukuta barabarani, kwa ufupi. Nilikuwa na kaka yangu mkubwa Faustin, niliyemwita yaya. Tulikuwa tumekwenda Aveba kufunga mitambo ya jua kwenye shule moja, na asubuhi tulikuwa tunarudi kwa pikipiki yake. Watu wenye silaha walitoka kwenye majani. Faustin alifunga breki akaniambia neno moja: "Ruka." Niliruka. Nililala katika shamba la mihogo mpaka jua likawa utosini, na niliyoyasikia humo sitayaandika hapa. Faustin tulimzika. Mimi sikuwa na hata mkwaruzo. Watu waliokuja matangani walinishika mkono wakasema Mungu amekulinda, nami nikajitazama mikono na magoti, nikaona ni kweli, hakuna kilichoharibika.

Ilianza siku ya arobaini na tatu. Najua hesabu hiyo kwa sababu niliiandika. Nilikuwa mezani kwangu kazini, nimeshika fer ya kusoda, chuma cha moto cha kuunganishia, juu ya simu ndogo, na pikipiki moja ikafunga breki nje. Jasho likanitoka mgongoni kama nimemwagiwa maji. Mkono ulitetemeka hata nikaichoma kadi ya mteja. Nilipoinua kichwa nilikuta nimekwisha simama nyuma ya kabati, na sikumbuki nilifikaje pale.

"Malaria hiyo," alisema Kiza, rafiki yangu tunayeshirikiana naye meza. "Unatetemeka kama simu iko mu vibreur. Enda labo, fundi, kabla uchome na simu yangu."

Nilikwenda, na nakiri nilikwenda kwa furaha. Malaria ni kitu. Ina jina na ina dozi.

Kama umewahi kungoja kwenye labo zetu unajua jinsi mambo yalivyo. Benchi ni moja, ukuta una alama za migongo, mtoto analia, na kila mlango unapofunguka wote mnainua shingo. Mimi nilikuwa nakaa mwisho wa benchi, karibu na njia ya kutokea, na kila aliyeingia nilimtazama mikono kabla ya uso. Jibu lilikuja: misalaba miwili, ndivyo labo zetu zinavyohesabu ukali wa malaria. Nilimeza dozi yote kwa saa kamili, nikiweka alarm. Sikupona. Nilirudi, wakasema sasa ni tifoidi. Nikameza ya tifoidi. Mvua za mwisho wa mwaka zilinikuta kwenye dozi ya tatu, masikio yanalia, mdomo mchungu, suruali inashuka. Na mvua yenyewe ilikuwa imegeuka kuwa adui. Matone makubwa yakipiga mabati, nilikuwa natoka nje na kusimama uani nikilowa, maana chini ya kelele ile nilishindwa kuvuta pumzi. Nilimwambia Aline naangalia kama mifereji imeziba.

Aline wakati huo alikuwa na mimba. Alikuwa akinitazama tu kutoka mlangoni, mkono juu ya tumbo.

Kiangazi kilipoingia nilirudi labo mara ya nne. Kijana wa labo alinirudishia fishi yangu, karatasi ya majibu.

"Papa, damu yako iko safi."

"Pima tena."

"Nilipima mara mbili."

"Pima mara ya tatu."

Aliweka kalamu chini. "Weye unataka kuwa mugonjwa?"

Benchi lote lilicheka. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alisema, "Mumuache, pengine bibi yake anamungojea na jembe." Wakacheka tena, na mimi nikacheka nao, huku kucha zimenizama viganjani.

Damu safi ilinitisha kuliko misalaba. Ikiwa si damu, basi ni kitu kilicho ndani zaidi. Nikaanza kusoma. Nilisoma kwa simu, kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, na pale Kifaransa kiliposhindwa nilitumia mashine ya kutafsiri. Nilikuta kwamba woga wangu una jina la kitabibu, kwamba ni ugonjwa unaobaki baada ya mtu kupita katika jambo la kutisha. Lakini sikutosheka na jina. Nilitaka mahali. Na nikaona kwamba kuna wataalamu wanaotafuta alama za ugonjwa huo katika molekuli za ubongo: homoni zilizopanda au kushuka, jeni zilizowashwa au kuzimwa, dalili za uvimbe mdogo usioonekana kwa macho. Niliandika majina yote katika daftari, kwa mistari iliyonyooka, moja baada ya jingine, kama ninavyoandika namba za kadi za simu.

Halafu nikasoma jambo ambalo lilinifanya nizime simu na kuiweka chini ya mto. Ili kuziona alama hizo ndani ya ubongo wenyewe, wataalamu walifungua ubongo wa watu waliokwisha kufa. Mtu hai hafunguliwi. Mimi ninayefungua vitu kwa kazi, nilielewa vizuri sana. Kilichoharibika kilikuwa ndani ya sanduku ambalo halitafunguliwa wakati nikiwa nahitaji jibu.

Na jambo la tatu, baya kuliko yote. Wengine walikuwa wanajiuliza kama alama hizo zinaweza kumfuata mtoto. Waliuliza tu, hawakusema ndiyo. Mimi nilisoma "huenda" nikasikia "hakika". Nilijitazama kama kisima chenye sumu. Aline alikuwa amebakiza wiki chache kujifungua.

Solange alizaliwa na mvua za kwanza za mwaka. Nilimwona kupitia mlango wa chumba cha wazazi, uso mwekundu, ngumi zimekunjwa. Muuguzi alinyoosha mikono anipe. Nilisema nina mafua.

Katika ukoo wetu kuna desturi. Mtoto akizaliwa, anakaa ndani mpaka kitovu kianguke. Kikianguka, baba anambeba, anatoka naye kwa mlango wa mbele, anasimama naye uani mbele ya majirani. Kabla baba hajafanya hivyo, mtoto hapitishwi mlango wa mbele. Akipelekwa chanjo, anapitishwa mlango wa nyuma, upande wa jiko. Kwa kawaida ni jambo la siku tano, sita.

Asubuhi kitovu kilipoanguka, nilijifunga bandeji kwenye mkono uliokuwa mzima. Ninaliandika hili nikiwa na aibu ambayo haijapungua. Hapakuwa na kidonda. Nilizungusha bandeji mara nne, kwa uangalifu, nikapaka na dawa nyekundu kidogo ili ionekane imepenya. Nikamwambia Aline fer ya kusoda imeniunguza, na mkono wenye kidonda haufai kumtoa mtoto. Tungoje upone.

Ulikataa kupona kwa miezi mitatu.

Niliamini nikimgusa nitamzidishia kitu. Najua si kweli kwamba molekuli zinaruka kutoka kwenye kiganja kwenda kwenye ngozi ya mtoto. Nilijua hata wakati ule. Lakini woga hausomi maelezo mpaka mwisho. Wiki ya pili, ya tatu, ya kumi, Aline alipita na mtoto mlango wa nyuma kwenda chanjo, akikanyaga maji ya vyombo, na majirani walianza kunyamaza tukiwasalimu.

Katika miezi hiyohiyo nilipata karatasi niliyokuwa naitafuta. Mtu mmoja alikuwa ameweka meza karibu na duka la dawa, na kompyuta, na chuma kidogo chenye waya. Unashika chuma hicho kiganjani kwa dakika moja, na mashine inachapa kurasa nyingi: moyo wako, figo zako, ubongo wako. Kwenye ubongo wangu iliandikwa: si kawaida kidogo. Niliogopa, lakini nilipumua pia. Nilizitia kurasa zile katika plastiki moja moja ili zisilowe.

Baada ya wiki tatu, mwenye mashine aliileta mezani kwetu. Haiwaki. Niliifungua. Ubovu niliuona mara moja, waya wa umeme ulikuwa umelegea. Lakini mimi ninapima kila kitu mara mbili, basi niliufuata na ule waya wa chuma cha kushika. Uliingia ndani ya kisanduku, ukapinda, ukaishia hapo. Ulikuwa umegandishwa kwa gundi kwenye plastiki. Haukufika kwenye kadi yoyote. Niliuvuta kidogo ukabaki mkononi mwangu.

Mwenyewe aliporudi nilimwonyesha.

"Huyu waya haifiki popote," nilimwambia.

Aliutazama, akanitazama. "Fundi, mashine inawaka ao haiwaki?"

"Inawaka."

"Bas."

Akaifunga katika mfuko akaondoka. Kiza alicheka mpaka akalalia meza. "Kumbe ile ubongo yako haikupimwa! Banapima ukuta!" Kisha akaniona uso, akaacha. Alisogeza kiti chake, akakaa upande wa barabara, ili pikipiki zipite kwanza nyuma yake yeye. Tangu siku ile anakaa pale, na hajawahi kunieleza kwa nini.

Nilikwenda kituo cha afya nikiwa na daftari langu, kwa sababu nilisikia kuna mwanamke pale anayeongea na watu waliopita katika vita. Madame Odette alikuwa na chumba nyuma ya sehemu ya chanjo. Unamngoja kwenye benchi pamoja na wamama wenye watoto, na hiyo ilikuwa adhabu yangu, kukaa saa nzima katikati ya watoto wachanga mikono ikiwa imebana mapajani. Alilisoma daftari lote bila haraka, ukurasa kwa ukurasa.

"Umeandika muzuri sana. Weye ni docta?"

"Fundi wa simu, madame. Nataka kupimwa hizi zote."

"Hizi kweli zinatafutwa," alisema. "Batu wa masomo mingi banazitafuta. Lakini hakuna hata mumoja, hapa ao kwa bazungu, anaweza kukutoa damu leo, na kesho akuambie: ndiyo, iko, ama hapana, haiko. Bado haijafika pale."

"Na ubongo?"

"Ubongo yako nitaifungua na nini? Na hii biki?" Aliinua kalamu yake.

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi, na kicheko kiliniuma kifuani. Akangoja nimalize.

"Uko na mutoto?"

"Mmoja. Miezi mitatu."

"Anafanana na nani?"

Sikuwa nimemtazama kwa muda wa kutosha kujua. Nilichukua daftari langu, nikasema nitarudi Jumatano, na sikurudi.

Aliyekuja ni mama mkwe. Mama Aline anauza vitenge huko Aru, karibu na mpaka, na hatoki kwenye meza yake bila sababu. Alifika mchana, akaketi sebuleni bila kuvua kitambaa cha safari. Aline alikaa kando yake na mtoto. Nikajua yamekwisha.

"Nimekuja kutwaa mutoto wangu na mutoto wa mutoto wangu," alisema.

"Mama, juu ya nini?"

"Weye ndo unaniuliza juu ya nini? Mutoto wa miezi tatu anapita nyuma ya nyumba kama kuku! Majirani bananipigia simu mpaka Aru. Hiyo mukono yako, iliungua na moto gani, ya Jehanamu?"

Nilitazama bandeji. Ilikuwa mpya, niliibadilisha asubuhi. Ningeweza kusema uongo mwingine, nilikuwa nao tayari. Lakini Aline alikuwa hanitazami. Alikuwa anatazama sakafu, kama mtu aliyekwisha funga mizigo moyoni, na hilo lilinitisha kuliko mabati, kuliko breki, kuliko ubongo wangu. Nilianza kuifungua bandeji. Ilichukua muda, nilikuwa nimeifunga vizuri. Mkono ulitoka mweupe na umekunjamana, mzima.

Nikasema yote. Shamba la mihogo. Mvua. Majina ya molekuli. Kwamba naogopa kumpa mtoto kile kilichomo ndani yangu.

Aline ndiye aliyeongea kwanza, kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nakukatia nyama sababu ya hiyo mukono."

Niliikunja ile bandeji nikaiweka chini ya kiti.

Mama mkwe akapiga makofi mara moja, si kwa furaha. "Simu ndo ilikuambia hivi? Sikia, mukwe. Huyu Aline, wakati siye tulikimbia vita, alikuwa mu tumbo. Nililala mu pori na yeye. Nilipita mahali sitakuambia. Nilimuzaa mu njia, juu ya kitenge ya mutu sijui jina yake. Weye unaona mi nilipona? Angalia nimekaa wapi."

Nilitazama. Alikuwa amechagua kiti cha pembeni, mgongo ukutani, uso kwenye mlango.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Ata mu kanisa. Na huyu Aline? Huyu analala kama jiwe la kusagia. Anaogopa nini huyu? Panya!"

"Mama," alisema Aline.

"Naongopa?"

Sitasema kwamba woga ulinitoka. Haukutoka. Lakini kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu cha kuweka mbele yake, mtu mzima aliyekaa sebuleni kwangu, mwenye kuogopa panya tu.

Mama mkwe aliinuka. "Kesho asubuhi tunaenda. Lakini sitamufikisha mutoto ku Aru hajatolewa nje. Batasema hana papa. Mutoe sasa, kisha nitamutwaa."

Hivyo ndivyo nilivyomshika mwanangu mara ya kwanza, ili aondoke. Aline aliniwekea mikononi bila kunitazama. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na wa moto, na shingo yake ilikuwa na harufu ya maziwa na sabuni. Nikadhani atalia. Hakulia. Alinitazama kwa makini, kama mteja anayetaka kujua kama simu yake itapona. Niliufungua mlango wa mbele kwa kiwiko. Jirani alikuwa anaanika nguo, akaona, akaacha nguo zikaanguka, akapiga vigelegele peke yake. Nilisimama uani. Jua lilimpata usoni, akakunja paji la uso, na pale katikati ya nyusi ikatokea mikunjo miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Mikunjo ya Faustin. Alikuwa nayo kila alipokuwa anafungua nati ngumu.

Nikachuchumaa naye palepale.

Asubuhi yake waliondoka. Mama mkwe aliniambia dirishani mwa gari, "Ukitaka bibi yako, ukuje. Usitume muzee wa ukoo, usitume pasta. Weye mwenyewe, na hii barabara."

Alijua anachosema. Sikuwa nimetoka Bunia tangu siku ya Faustin. Sikuwa nimefika hata mahali magari yanapopakia.

Jumatano nilikuwa kwenye benchi la Madame Odette kabla hajafungua mlango.

Matibabu yangu hayakuwa na kidonge. Kila Jumatano nilisimulia barabara, toka kuwasha pikipiki mpaka kutoka kwenye mihogo. Mara ya kwanza nilifika kwenye breki nikatapika kwenye ndoo. Mara ya tatu nilisimulia yote, lakini nilikuwa nasimamisha kila sentensi kuirekebisha: hapana, shati lilikuwa la buluu, hapana, ilikuwa kabla ya daraja. Odette aligonga meza. "Hapana kurekebisha. Hii si karatasi ya mutihani. Sema tu." Kusema vibaya, kwa kuchanganya, mbele ya mtu, kuliniuma karibu sawa na barabara yenyewe. Nilikuwa natoka pale nimechoka kama niliyelima, na mama mmoja wa sehemu ya chanjo alikuwa ananipa chai katika kikombe cha plastiki bila kuuliza chochote. Kama uko katika wiki hizo za mwanzo, nakuambia: hali itakuwa mbaya zaidi kwanza. Mimi nililala vibaya zaidi mwezi mzima. Sikuambiwa mapema vya kutosha, nikataka kuacha.

Wiki ya tano nilimwuliza kuhusu mtoto. Alisema hatajifanya anajua kile ambacho wenye labo kubwa bado hawajui. "Lakini baba mwenye kukimbia mutoto, hiyo najua inafanya nini," alisema. "Hiyo nimeiona na macho." Sikupenda jibu hilo. Nililibeba wiki nzima.

Aline alikuwa anapiga simu Jumapili. Mwanzoni dakika mbili, mambo ya afya. Baadaye aliweka simu sikioni mwa Solange nikasikia pumzi yake. Wiki moja alipiga kwa hasira tu, akaniambia yote aliyoyafikiri juu ya bandeji, mpaka uniti zikamwishia. Nilikaa nimeshika simu. Nilikuwa nimeyastahili, na isitoshe, mtu aliyekwisha kuacha hapotezi uniti kukugombeza.

Mvua zilipokaribia kwisha tulianza safari ya mahali pa magari ya Aru. Wiki ya kwanza Odette alinisindikiza, tukasimama ng'ambo, nikahesabu magari. Wiki iliyofuata niliketi ndani ya gari ambalo haliendi popote, mlango wazi. Wapakiaji walitujua. "Papa wa kukaa bule amefika!" walikuwa wanapiga kelele. "Leo unaenda ao unapumuzisha kiti?" Wiki nyingine mlango ulifungwa. Nilivumilia kwa muda wa kuhesabu mpaka mia mbili, nikatoka nimelowa jasho.

Kiangazi kilipoingia, barabara ilikuwa imetulia kwa wiki kadhaa, na watu walikuwa wanapita kila siku. Nilikwenda. Sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilikaa mbele karibu na dereva, nikamwambia wazi, "Mi iko na ugonjwa ya woga, ukifunga breki nguvu nitapiga kelele." Alifikiri kidogo akasema, "Mi pia napiga kelele nikifunga breki nguvu." Kwenye kila kona yenye majani marefu nilikufa kidogo. Mara mbili nilimwomba asimame, mara moja alisimama. Nilifika Aru shati limekauka chumvi mgongoni.

Mama mkwe alikuwa mezani kwake, anampimia mteja kitenge kwa mkono. Solange alikuwa juu ya mkeka, anakaa mwenyewe, ana meno mawili. Mama aliniona, hakusema karibu wala pole. Alimwinua mtoto kwa mkono mmoja.

"Mushike. Mi iko na mteja."

Solange hakunijua. Alinitazama usoni akaanza kupiga kelele, akijirusha nyuma kama samaki. Watu waligeuka. Kila kitu ndani yangu kilisema mrudishe, unaona, amekijua kilicho ndani yako. Nilikaa kwenye mkeka naye. Alilia mpaka mteja akachagua, akabadili mawazo, akachagua tena. Alilia mpaka akachoka, akaniwekea kichwa kifuani kwa hasira, kwikwi zinamtikisa, na mkono wake ukashika kifungo cha shati langu. Nilipoinua macho, Aline alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Umekonda," alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuja na gari ao na pikipiki?"

"Na gari. Niliogopa njia yote."

Akatua ndoo chini. "Utaniambia," alisema.

Tulirudi Bunia watatu, baada ya wiki mbili.

Ninaandika haya mvua zimeanza tena. Nalala siku nyingi za wiki, si zote. Pikipiki ikifunga breki bado mwili unaruka, lakini nabaki kwenye kiti. Mvua ya mawe bado inanitoa nje, na Aline hunitolea mwavuli. Kwa Madame Odette naenda mara moja kwa mwezi. Damu yangu sijaipima tena, na kilichomo ndani ya ubongo wangu sikijui. Kilichobadilika ni kwamba simfichi mke wangu tena. Ninachokiogopa leo ninamwambia leo, hata kikiwa cha kijinga, naye ananiambia chake.